Aliyelegeza Nyuzi za Amolo

Gita la marehemu lilikuwa limelazwa juu ya meza ya mkuu wa kituo, kati ya simu na kikombe cha chai, kama mgonjwa aliyekosa kitanda. Lilikuwa gita la umeme, jekundu, la nyuzi kumi na mbili, na nyuzi zote kumi na mbili zilikuwa zimelegea. Sajini Triza Khavere aligusa mmoja kwa kidole. Haukulia. Ulitikisika tu, ukarudi kulala shingoni mwa gita.

"Achana na hilo gita, Sajini," Inspekta Shiundu alimwambia. "Andika ukurasa wa mwisho tufunge jalada. Kesho asubuhi fundi wako anaenda kortini."

Shiundu ndiye mkuu wa kituo, mtu wa kupenda kesi fupi na chai nzito, na kesi hii ilimkalia vizuri. Tobias Amolo, karani mstaafu wa reli na mpiga gita wa bendi iliyovuma Kaloleni kabla disko hazijazifukuza bendi kumbini, alikuwa amekutwa Jumamosi mchana sakafuni mwa nyumba yake, kisogo kimepasuka, gita halipo. Jioni ileile gita likapatikana Mbotela, katika kibanda cha Abdinoor, fundi wa redio. Abdinoor akatiwa ndani. Leo ilikuwa Jumapili. Kesho angesomewa shtaka la mauaji, ambalo halina dhamana, na ambalo mwisho wake kila mtu nchini anaujua.

Na aliyemkazia Abdinoor kitanzi, ukweli usemwe, alikuwa Khavere mwenyewe. Nyumba zile za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Kaloleni zimejengwa mbilimbili kwa ukuta mmoja. Kwa miaka mingi upande mmoja wa ukuta alikaa Amolo na gita lake, upande wa pili akakaa Khavere na jiko lake, na baina yao haikupita zaidi ya habari ya jioni. Ijumaa hiyo Khavere alikuwa ametoka kazini, amebandika sufuria. Adhana ya magharibi ilipokwisha kusikika kutoka upande wa Pumwani, akasikia nyuzi ng'ambo ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, zikishuka sauti. Aliitoa sufuria motoni ili kifuniko kisimpigie kelele. Alijua mzee anaweka gita lake sawa, na baada ya kulisikia vya kutosha akarudisha sufuria yake motoni.

Hivyo ndivyo alivyoandika katika maelezo yake: magharibi marehemu alikuwa hai, nilimsikia. Abdinoor alikuwa na mashahidi kwamba magharibi alikuwa msikitini, safu ya mbele kabisa. Mwenzake Kaha, muuza vitambaa, alikuwa tayari kuapa. Lakini kama Amolo alikuwa hai magharibi, basi aliuawa baada ya hapo, na baada ya swala Abdinoor alirudi kibandani peke yake. Swala yake ikawa haimsaidii kitu.

"Nani alizilegeza nyuzi hizi, afande?" Khavere aliuliza.

"Fundi. Kazi ya fundi ni kulegeza vitu." Shiundu alivuta kikombe chake. "Una hadi jioni. Ukikosa jipya, sahihi yako iwe hapa."

Abdinoor alikuwa amekaa karibu na mlango wa seli, panapoingia mwanga. Mtu mwembamba, ndevu za kijivu, vidole vyenye makovu ya kuunguzwa na risasi ya kuunganishia nyaya. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mkewe Ruqiyo ameruhusiwa kuleta chakula. Khavere akasema atahakikisha. Ndipo mzee huyo akasimulia tena alichowasimulia askari wengine wakamcheka: Jumamosi asubuhi alipofika kufungua kibanda alilikuta gita limeegemezwa mlangoni, limefungwa blanketi. Alidhani Amolo ndiye kalileta. Tundu la kuchomeka waya lilikuwa linakwaruza sauti, na walikuwa wamekubaliana kwamba atalileta litazamwe.

"Ukazilegeza nyuzi ili ulifungue."

"Afande, tundu liko ubavuni. Skrubu mbili. Nyuzi za nini?" Alionyesha kwa vidole viwili mahali skrubu zilipo, kana kwamba gita liko mapajani mwake. "Lilikuja hivyo hivyo. Hata mimi nilishangaa. Mzee Amolo aliniachia umeme tu. Nyuzi hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa."

"Mligombana hivi karibuni?"

Abdinoor alifikiri kwa uaminifu wa mtu asiyejua kwamba swali ni mtego. Waligombana kidogo, alisema. Miezi michache nyuma aligundua kwamba mashine ya kukuzia sauti ya mzee haina waya wa ardhi, ule wa tatu, wa kijani, unaopeleka umeme mbaya chini usije ukampitia mtu. Akauweka. Tangu hapo mzee akawa analalamika kwamba kila akiwasha kuna mvumo.

"Nikamwambia, mvumo haujaua mtu. Huu waya usiuguse. Akanuna, lakini mimi nilijua amenisikia."

Khavere aliukumbuka mvumo huo. Kila jioni ulitangulia kabla ya wimbo, ukikoroma ukutani, naye alikuwa akijiambia siku moja atakwenda kumwambia mzee autafutie dawa. Hakwenda. Kisha wiki za mwisho mwisho mvumo ukakoma wenyewe, gita likawa linasikika safi, na yeye akafurahi. Hakumwambia Abdinoor hilo. Aliagiza tu Ruqiyo aruhusiwe kuingia na sufuria yake.

Jina lililofuata lilikuwa la Opicho. Majirani walisema mtu huyo alimwendea Amolo mara kadhaa akitaka kununua gita, na mara ya mwisho alitolewa nje kwa maneno makali. Aliyenyimwa kitu anaweza kuja kukichukua. Hilo halihitaji chuo cha polisi. Khavere alimkuta Mukuru kwa Reuben nje ya kanisa la mabati, ibada imekwisha, anaingiza gita lake la nyuzi sita kwenye gunia. Siku za kazi hupakia magunia kiwandani Industrial Area, na mabega yake yalisema hivyo kabla hajafungua mdomo.

"Niaje, madam. Ni mambo ya mzae Amolo, ama?"

Alipoulizwa kama bado alilitaka gita lile, Opicho alicheka, kisha akakumbuka msiba, akaacha.

"Niliwacha kuitaka kitambo. Mzae alinionyesha venye inachungwa, nikaona hii si gita. Hii ni bibi kumi na mbili kwa nyumba moja."

Akaeleza, na Khavere akamwacha aeleze. Nyuzi zimepangwa jozi jozi, mnene na mwembamba wake. Mvuto wa nyuzi kumi na mbili unaweza kuikunja shingo ya gita, kwa hiyo mzee aliziweka zote chini kidogo ya sauti ya kawaida, halafu akizitaka juu anabana shingo kwa kibano. Ule mwembamba wa jozi ya tatu hukatika kila mara, na dukani mjini hawauzi mmoja mmoja. Mzee alikuwa anafumua waya wa breki ya baiskeli, anachagua uzi mmoja mzuri, anaunyoosha, anaufunga. Kila akimaliza kupiga anapangusa nyuzi zote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ndipo alale. Opicho alisema maneno makali ya siku ile ya mwisho yalikuwa juu ya hilo tu: alishika nyuzi kwa mikono yenye jasho.

"Na akimaliza kuzipangusa, anazilegeza?"

"Zote? Zii. Ukilegeza zote, ile daraja nyuzi zinakalia inatoka, na kuirudisha mahali yake ni kazi ya siku mzima. Hata akibadilisha, anabadilisha moja, anakaza, ndio anaenda kwa ingine. Mzae hawezi fanya hiyo, madam. Hata umshikie kisu."

Ijumaa jioni Opicho alikuwa zamuni. Mlinzi wa geti la kiwanda alimkumbuka, kwa sababu waliomba pamoja kabla ya zamu kuanza, na mlinzi hakuwa mtu wa kusahau aliyeomba naye. Njia hiyo ikaishia hapo.

Khavere alirudi kwa miguu kuelekea barabara ya Jogoo, jua likimchoma kisogoni. Kama Amolo hakuwa mtu wa kulegeza nyuzi, basi alichosikia Ijumaa kilikuwa nini? Kulinganisha sauti, alijiambia. Lakini anayelinganisha hushusha akapandisha, akashusha tena, mpaka masikio yaridhike. Akasimama kando ya barabara, akazisikiliza upya kichwani. Zilishuka. Sauti ya kwanza ikashuka mpaka ikafa, ya pili ikashuka mpaka ikafa, na hakuna hata moja iliyorudi juu.

Aliogopa, na hakujua bado anaogopa nini.

Awuor alikuwa na meza ya mboga Mbotela, chini ya turubai la buluu. Kwa wateja alikuwa mama wa sukuma wiki. Wachache sana walijua kwamba ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya kina Amolo, na yeye hakuwa na haja ya kuwajulisha. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimkaribisha Khavere kwenye kreti ya soda, akaendelea kukata mboga, maana mboga hazijui msiba.

Walizungumza kwanza kama watu. Awuor alisema kilichomuuma si kifo, wote wana umri wa kufa. Kilichomuuma ni mtu aliyekuwa akichezesha ukumbi mzima kufa sakafuni peke yake, akalala hapo usiku kucha, na majirani ukutani. Alilisema bila kujua anamwambia nani. Khavere alitazama mikono yake mwenyewe.

Kisha akauliza kuhusu nyuzi. Je, kulikuwa na wakati wowote ambapo mtu wa bendi angelilegeza gita lote?

Kisu cha Awuor kilisimama.

"Nani amekwambia habari hiyo?"

"Hakuna. Ndiyo maana nauliza, mama."

"Ni mambo yetu, nyathina, mwanangu. Ya bendi yetu tu, hata bendi nyingine hawana." Alifuta kisu kwa leso. "Mwenzetu akifa, wa bendi aliye karibu naye anazilegeza nyuzi zake zote. Kuanzia ule mnene mpaka ule mwembamba. Gita haliwezi kukaa limekazwa likingoja mtu ambaye harudi. Akishazikwa, mwenzake analikaza tena. Tulimfanyia Seth, aliyekuwa mpiga gita wa kwanza. Tulifanya hivyo hivyo na wengine."

"Abdinoor fundi anaijua hiyo?"

"Aijulie wapi? Nani angemwambia?"

"Na ni nani aliyebaki katika bendi?"

"Mimi. Na Makokha wa besi." Ndipo Awuor akamtazama sawasawa. "Kwani gita limekutwa limelegezwa?"

Khavere akaitikia kwa kichwa. Alitarajia mama huyo ashtuke, au amtetee Makokha, au anyamaze kama mashahidi wanavyonyamaza wakijua wamesema mno. Awuor alifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, na alipoitoa leso alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi hakuwa peke yake," alisema. "Kulikuwa na mtu. Aliagwa."

Wauza mboga wenzake walithibitisha kwamba Ijumaa Awuor hakuondoka mezani mpaka giza lilipoingia, na Khavere aliwauliza kwa sababu ndiyo kazi, si kwa sababu alishuku. Hesabu ilikuwa imekwisha kujipanga yenyewe. Aliyelegeza nyuzi alijua Amolo amekufa. Nyuzi zililegezwa magharibi, masikio ya Khavere yalikuwepo. Kwa hiyo magharibi Amolo hakuwa hai akiweka gita sawa. Alikuwa amelala sakafuni, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akilishughulikia gita. Na saa hiyo hiyo Abdinoor alikuwa safu ya mbele msikitini. Alibi ya fundi, ile ya kwamba alikuwa kwingine, ilikuwa nzima tangu mwanzo. Aliyeiua ni Sajini Khavere, kwa kalamu yake.

Alikwenda nyumbani kwa Amolo. Ilikuwa ni kwenda nyumbani kwake pia, ila mlango wa pili, na ilimjia kwamba kabla ya msiba hakuwahi kuukanyaga. Chumba kilikuwa nadhifu: kitanda cha chuma, jiko la mafuta, kitambaa cha kupangusia nyuzi kimeanikwa msumarini, mduara wa waya wa breki juu ya dirisha. Ukutani, upande wa nyumba ya Khavere, kiti kimoja kimegeuzwa kuelekea ukuta. Sakafuni kulikuwa na mashine mbili za kukuzia sauti, ambazo askari wa kwanza kufika waliziandika kuwa redio mbili. Mtu mmoja, gita moja, mashine mbili.

Alichukua kisu cha jikoni, akafungua plagi ya mashine ya kwanza. Nyaya tatu, zote mahali pake. Akafungua ya pili, ile iliyoandikwa jina la Amolo kwa rangi nyeupe. Nyaya mbili. Ule wa kijani ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma, ukafungwa vizuri kwa plasta ya kidonda.

Alikaa kwenye kile kiti kilichoelekea ukuta. Hivyo ndivyo mvumo ulivyokoma, na yeye alikuwa amefurahi.

Makokha aliishi Mbotela nyuma ya mashine ya kusaga, chumba kimoja, mstaafu wa kanjo, mjane. Jumamosi aliwaambia askari kwamba yeye na Amolo walikuwa wakipiga pamoja kila Ijumaa, lakini Ijumaa hiyo homa ilimlaza hakutoka. Khavere alimkuta ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayesubiri gari. Besi yake ilikuwa ukutani, imefunikwa shuka.

Alimwamkia kwa heshima, shikamoo mzee, akaitikiwa, akavuta kigoda. Maswali ya ulikuwa wapi na saa ngapi alikuwa nayo tayari. Hakuyatumia.

"Mzee, ulianzia uzi gani?"

Makokha alitazama shuka lililofunika besi. Nje mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, ni Jumapili.

"Ule mnene," alisema hatimaye. "Kila mara ni ule mnene."

Baada ya hapo hakuhitaji kuvutwa. Ijumaa walipiga mchana wote, wazee wawili, nyimbo ambazo hakuna aliyekuwa akiziomba tena. Wakikosea wanacheka, wanaanza upya. Kulikuwa na mahali pamoja ambapo besi yake ilikuwa ikikosea kila mara, na Amolo, akiwa bado ameshika gita lake kwa mkono mmoja, aliinuka akanyoosha mkono wa pili kumwonyesha pa kushika.

"Mkono mmoja kwake, mkono mmoja kwangu. Alipogusa nyuzi za besi tu, umeme ukampitia, akatupwa. Nyuma kule, kwenye chuma cha kitanda. Nikazima umeme ukutani, nikamwita, nikamwita. Hakuna kitu, mwanangu. Alikuwa ameshaenda."

"Waya wa ardhi aliukata nani?"

"Mimi." Alijibu haraka, kama aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu Ijumaa. "Mashine mbili zikiwa kwenye umeme mmoja zinavuma, na yangu ilikaa kwake siku zote. Enzi zile kumbini tulikuwa tunaukata kwa moja, basi, mvumo unaisha, watu wanacheza. Kila bendi ilifanya hivyo. Yeye alisema fundi kakataza. Nikamwambia fundi anajua redio, hajui muziki. Alipokwenda kununua maziwa nikaukata. Aliporudi, akasikia gita lake lilivyo safi, akanishika mkono. Alifurahi sana."

Gita hakutaka libaki pale. Ndugu wangekuja kutoka nyumbani kwa ajili ya matanga, na kitu cha kwanza kuuzwa kingekuwa hicho. Alipomaliza kulilegeza, akafunga daraja lake kwa kitambaa lisianguke, akalikunja kwenye blanketi, akangoja giza, akalipeleka kwa mtu pekee aliyejua Amolo anamwamini. Kibanda kilikuwa kimefungwa, akaliegemeza mlangoni. Jumamosi aliposikia Abdinoor amekamatwa alivaa koti aende kituoni. Amelivaa koti hilo tangu jana, alisema, na kila akifika mlangoni miguu inakataa.

"Yule mtu angenyongwa, mzee."

"Najua."

"Ulilijua na ukakaa."

Khavere alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo haikuwa ya mzee huyu hata kidogo. Aliinuka, akamwambia wanaondoka pamoja. Makokha akainuka pia, akafunika besi vizuri, kisha akageuka.

"Wewe ndiye unayekaa ng'ambo pale. Wa jiko."

"Ndiye."

"Nilisikia sufuria zako, nikajua kuna mtu. Nilitaka kukuita uje tusaidiane." Alitafuta maneno. "Nilikosa jina la kukuita. Hata Amolo hakuwa nalo. Alikuita jirani tu. Alisema jirani yake ni mtu mzuri, kwa sababu akianza kupiga, sufuria zinanyamaza. Siku ambazo mimi siji, alikuwa akikupigia wewe. Anageuza kiti kabisa."

Khavere alimshika mkono kumvusha kizingiti, maana kilikuwa kirefu. Njiani Makokha aliomba jambo moja tu. Kama siku ya kuzika atakuwa ndani, gita lisiachwe limelegea. Kuna kijana wa Mukuru kwa Reuben, Amolo alimfukuza, lakini alikuwa amemwambia Makokha kwamba kijana ana mikono ya gita. Aitwe huyo alikaze.

Shiundu alisikiliza yote bila kugusa chai yake. Aliagiza daktari aambiwe aangalie vidole vya marehemu kabla ya kichwa, kwa sababu vidole vya mpiga gita ni vigumu na alama ya kuungua inaweza kupita bila kuonekana. Akaagiza plagi iletwe kama kielelezo. Hakuwa mpumbavu, alikuwa mvivu, na uvivu ulikuwa umemtoka ghafla. Abdinoor alitolewa seli. Alipita kaunta akiwa amebeba sufuria tupu ya Ruqiyo, akamwinamia Khavere kichwa, na Khavere hakuweza kumtazama.

"Makokha anaweza kukana kesho," Shiundu alisema walipobaki wawili. "Wazee hukana wakishalala. Kitakachomtoa fundi kabisa ni saa ya zile nyuzi. Shahidi wa hiyo saa ni nani?"

"Mimi, afande."

"Shahidi huyo ameandika kwamba marehemu alikuwa hai."

"Nitaandika upya kwamba nilikosea. Na jalada umpe mtu mwingine. Siwezi kuwa mpelelezi na shahidi."

Shiundu alizitazama tepe za cheo zilizokuwa begani mwa Khavere, akaziacha zijisemee zenyewe. Makao makuu wangeuliza, na wangeuliza kwa ukali. Kisha akavuta karatasi, akafungua kalamu, akamwonyesha kiti cha mashahidi, kile kilicho upande wa pili wa meza, ambacho Khavere hakuwahi kukikalia. Gita lilikuwa bado liko mezani kati yao.

Aliuliza jina, akaandika. Anuani, akaandika. Amemjua marehemu kwa muda gani, na Khavere akasema miaka mingi, halafu akasema hapana, andika kwamba sikumjua, tulipakana tu. Shiundu akaandika hilo pia. Alisikia nini, saa ngapi, kutoka wapi. Nyuzi kumi na mbili, zikishuka, baada ya adhana.

"Na ulipozisikia," Shiundu aliuliza bila kuinua macho, "ulifanya nini?"

"Nilitoa sufuria motoni," Khavere alisema, "nisikie vizuri."

Kalamu iliandika, ikasimama, ikangoja.

"Kisha?"

"Kisha nikairudisha."